Chupa ya Yona na Bakuli la Bi Mwanasiti

Jumamosi, 17 Januari

Leo nimehama. Naandika nimekaa juu ya gunia la vyombo, kwa sababu viti viko chini ya kitanda na kitanda hakijafungwa.

Miaka ishirini na sita mimi na Yona tulikaa nyumba ya kampuni, shamba la mkonge, upande wa Muheza. Yeye alikuwa fundi wa mashine. Alipofariki mwaka jana mwezi wa saba waliniambia nikae mpaka Januari, wala hawakunisukuma. Lakini nyumba ni ya fundi, na fundi mpya ana watoto wanne. Mwanangu Asheri alitaka niende kwake Dodoma. Nikamwambia Dodoma nitakuja kutembea. Kaburi la baba yako liko huku.

Lori la Kenta lilichelewa kuja, kisha likaharibika Pongwe. Tulikaa juani muda wa saa tatu. Kioo cha kabati kimepasuka. Godoro limeingia mafuta ya gari. Tulipofika hapa Ngamiani, Barabara ya Kumi na Tatu, kitanda kikakataa kupita mlangoni, wapagazi wakaanza kubishana wao kwa wao, na mimi nikasimama katikati ya ukumbi nimeshika picha ya Yona, sijui niiweke wapi.

Mwenye nyumba, Mzee Tahiri, akatoka na spana. Ni mzee wa miaka sabini na kitu, mwembamba, kofia yake nyeupe kama karatasi. Akakifungua kitanda mwenyewe, parafujo moja moja.

"Hiki kitanda cha zamani," akasema. "Kina adabu. Ukikiomba kinafunguka."

Nyumba ni ya Kiswahili, ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, nyuma uani na jiko la wote. Mzee na mkewe Bi Mwanasiti wana vyumba vitatu. Mimi viwili. Kimoja yumo Asmahani, mshona nguo, msichana wa Pangani.

Kabla sijaingia Mzee Tahiri aliniambia, "Mama Asheri, mimi masharti yangu mawili tu. Maji yasimwagwe ukumbini. Na kilevi kisiingie."

Nikasema, "Ndiyo, mzee." Wakati nasema, chupa ilikwisha kuingia. Ilikuwa ndani ya ndoo, imeviringishwa koti la Yona. Sikukusudia uongo. Nilichoka, na maneno ya kueleza yalikuwa mengi.

Jumapili, 18 Januari

Sikwenda kanisani. Asubuhi Bi Mwanasiti aligonga mlango, ana bakuli la bati limefunikwa kawa. Mbaazi za nazi na maandazi.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Aliyehama hapiki siku ya kwanza. Kula, kisha ulale. Masanduku hayana miguu."

Nimekula yote. Ni mara ya kwanza nakula, tangu Yona afariki, kitu alichokipika mtu akinifikiria mimi.

Jumatatu, 19 Januari

Nimelirudisha bakuli na machungwa ya Muheza. Kwetu pia chombo cha mtu hakirudi kitupu. Bi Mwanasiti akacheka. "Haya, umeshaanza. Sasa hili bakuli halitapumzika."

Jumanne, 20 Januari

Joto. Masanduku.

Alhamisi, 22 Januari

Joto. Bakuli limekuja na bada, ule ugali wa muhogo, na mchuzi wa papa. Mimi nilidhani bada sitaiweza, Yona aliita ugali wa gundi. Nimemaliza. Nimerudisha ndizi mbivu. Asmahani anasema sisi wawili tutaliua bakuli kwa safari.

Jumamosi, 24 Januari

Leo nimefungua chupa.

Sanduku la mwisho lilikwisha saa tisa. Mapazia yanaelea. Picha ya Yona iko ukutani, mahali ambapo jua haliifikii. Mzee alikuwa ametoka kwenda kuswali alasiri na Bi Mwanasiti kaalikwa maulidi Makorora. Cherehani ya Asmahani ilikuwa inalia chumba cha mbele. Nikaketi dirishani, nikaitoa chupa kwenye koti.

Niandike habari zake, nisije nikazisahau. Yona hakuwa mnywaji. Shambani aliona watu walioharibika kwa gongo na hakupenda hata harufu yake. Lakini mwaka mmoja injinia mgeni alipoaga alimpa chupa ya mvinyo mwekundu wa Australia. Tuliinywa Krismasi, glasi ndogo ndogo za chai, siku nne. Tangu hapo kila Desemba alikuja mjini kununua moja ya namna ile ile. Haikuwa ya bei kubwa. Dukani hukaa rafu ya chini, lazima uiname. Yona alisema vitu vizuri vya watu kama sisi vyote viko rafu ya chini. Akapenda pia kwamba kifuniko chake ni cha kuzungusha. "Waaustralia watu wa maana," alisema. "Wamejua fundi wa mkonge hana kizibuo." Alivaa miwani, akasoma karatasi ya chupa yote, hata maneno asiyoyajua, kisha akasema imetoka mbali kuliko sisi sote, tuipe heshima.

Krismasi ya mwisho alinunua mbili. Moja tukanywa. Ya pili akasema ni ya mwaka ujao. Krismasi iliyopita sikuigusa. Sikuweza.

Nikazungusha kifuniko. Nikamimina nusu glasi. Rangi yake ni ya zambarau zilizoiva mpaka zinaanguka zenyewe, na ladha ndiyo hiyo hiyo, na ule ukavu unaobaki kwenye ulimi. Halafu pilipili manga, kwa mbali. Halafu kitu kama harufu ya mbao anapopiga randa seremala. Sikumbuki kama Krismasi zile nilionja yote haya. Nadhani zamani nilikuwa namtazama Yona akionja.

Nikanywa polepole. Mabega yalishuka. Kumbe tangu Pongwe yalikuwa juu. Upepo wa kaskazi ukaingia, ukashika pazia, ukaliachia. Nikajiambia, hapa nitakaa.

Nikaosha glasi, nikafunga chupa, nikaiweka kwenye ndoo ya maji chini ya kitanda ipate baridi. Nikatafuna karafuu mbili. Karafuu ndizo zilizonitia haya, si mvinyo.

Jumatatu, 26 Januari

Nusu glasi. Mzee kasema kilevi, na mimi silewi. Nimejiambia hivyo mara tatu. Kitu kinachoelezwa mara tatu kina kasoro.

Bakuli: muhogo wa nazi. Nimerudisha kunde.

Alhamisi, 29 Januari

Hilda, mdogo wangu, ameshuka kutoka Lushoto na kapu la karoti na peasi. Anapika kwenye nyumba ya wageni huko, watalii wanampenda, na sauti yake bado ni ya mtu anayeita ng'ambo ya bonde. Ndani ya saa moja alikwisha jua Asmahani anamshonea nani nguo ya harusi na goti gani linamuuma Bi Mwanasiti.

Tumeonja mvinyo pamoja. Hilda akakunja uso. "Dada, joto hili limeiharibu. Wiki ijayo ni siki hii."

Kweli imeanza kuchachuka. Nimebakiza zaidi ya nusu. Nilitaka inifikishe mbali.

Jumamosi, 31 Januari

Nimekaa sana na kalamu kabla ya kuandika.

Asubuhi nilikwenda kwa mtu wa mafao, anayefungua Jumamosi mpaka saa nane. Karatasi moja haikuwa na muhuri. Nikangoja. Nilirudi saa tisa, miguu imevimba. Kutoka ukumbini nikasikia harufu ya nyama, nzuri, nzito, harufu ambayo sijawahi kuisikia katika nyumba hii.

Hilda alikuwa anapanga sahani. "Kaa, dada. Leo unakula kama Mjerumani."

Nyama ya ng'ombe, laini, mchuzi mweusi unang'aa. Nikala kijiko kimoja, nikajua. Nikaenda chumbani, nikainama chini ya kitanda. Chupa haimo ndani ya ndoo. Ilikuwa imesimama dirishani, tupu, imeoshwa.

"Ilikuwa inakufa," Hilda akasema nyuma yangu. "Hotelini tunapikia hivyo. Nimeiokoa."

Nilikuwa nawaza mikono ya Yona inavyozungusha kile kifuniko. Nilikuwa na hasira na mdogo wangu, hasira ya kitoto, ya mtu aliyenyang'anywa. Nilirudi kukaa. Nikatazama rafu ili nisimtazame yeye, na hapo nikaona nafasi pale linapokaa bakuli la Bi Mwanasiti.

"Hilda. Bakuli la watu liko wapi?"

"Nimelirudisha. Lilikuwa limekaa tangu jana, aibu. Nimelijaza nyama, na viazi juu."

"Nyama hii?"

"Kuna nyingine?" Kisha nikaona jambo linamfikia, kwanza machoni, halafu mdomoni. Akaketi chini na sahani mkononi. "Mama yangu," akasema.

Nikatoka kwenda uani, labda bado. Mzee Tahiri alikuwa kwenye kiti chake cha kamba, anachokonoa meno kwa kijiti.

"Mama Asheri," akasema. "Mdogo wako yule ameolewa?"

"Ameolewa, mzee."

"Bahati ya mtu. Nyama ile nimekula mpaka nikalipangusa bakuli kwa mkate. Mwambie asirudi Lushoto."

Bi Mwanasiti, aliyekuwa anaosha bakuli, akasema, "Huyu hata mimi hajanisifu hivyo, miaka arobaini na mbili. Ametia nini, siki? Siki ya zambarau?"

Nikasema, "Hilda ndiye anayejua."

Ndiyo maneno niliyosema. Nayaandika kama yalivyo.

Jumapili, 1 Februari

Hilda ameondoka na basi la saa tatu. Alilia kidogo. "Kilichochemka kimeruka na mvuke, dada. Na asiyejua hana dhambi. Ukiwaambia ndipo utawapa mzigo. Na wewe utakosa pa kulala."

Nimefikiri neno hilo kanisani, wakati wa divai. Sikumbuki mahubiri.

Jumanne, 3 Februari

Leo ni nusu ya Shabani. Bi Mwanasiti amefunga, Mzee amefunga, Asmahani amefunga. Nimekula mlango umefungwa. Mwezi wao wa Ramadhani umebakiza wiki mbili, na uani wanaanika mchele na kupeta kunde.

Jumatano, 4 Februari

Bakuli limekuja na tambi za sukari. Sikuweza kula. Nimempa Asmahani nikasema tumbo. Bi Mwanasiti akasikia, akaniletea maji ya tangawizi.

Jumamosi, 7 Februari

Joto la kukaa ndani ya nguo zilizoloa. Mzee Tahiri ameniuliza tena lini Hilda anakuja. Alimsimulia jirani habari za nyama, mbele yangu, kwa mikono miwili.

Asheri amepiga simu. Nikamwambia yote. Alicheka, kisha akaona mimi sicheki. "Mama, usiseme," akasema. "Watakutoa. Ukitaka kusema, njoo Dodoma kwanza, useme kwa simu."

Baba yake angesema siku ile ile. Yona aliwahi kurudi kiwandani saa ya chakula kumwambia msimamizi kwamba ni yeye aliyevunja gia, na tayari walikwisha kumshika mwingine. Alirudi nyumbani akala kama kawaida.

Jumanne, 10 Februari

Hakuna jipya. Bakuli liko kwangu, sijajua la kulitia.

Jumamosi, 14 Februari

Bi Mwanasiti aliingia baada ya alasiri. Aliacha ndala mlangoni, akakaa mkekani, hakutaka kiti.

"Mama Asheri, mwezi unaingia wiki hii, inshallah. Sisi kabla ya mwezi tunaombana radhi. Nimekuja kwako."

"Kwangu mimi umekosa nini, Bi Mwanasiti?"

"Nimekosa. Siku ile unahamia nilimwambia mume wangu, huyu mjane wa Kibondei atatujazia ukumbi jamaa zake na makelele. Nikasema tumpe mwezi mmoja tu tumtazame. Sikukujua. Hilo moja. La pili, nimechukua mkaa wako mara mbili ulipotoka, nikanyamaza. Niwie radhi."

Alikuwa ameinamisha kichwa. Mwanamke wa miaka sitini na saba, goti linamuuma, amekaa chini kwangu kwa ajili ya mkaa.

"Nimekuwia radhi," nikasema. "Yote."

"Ahsante. Na wewe kama una neno juu yangu, sema. Ndio wakati wake."

Alisema kwa desturi tu. Alikwisha kushika ukuta ainuke.

"Ile nyama," nikasema.

"Nyama gani?"

"Ya Hilda. Haikuwa siki. Ilikuwa mvinyo."

Akauachia ukuta. "Mvinyo gani?"

"Wa kunywa. Kilevi. Chupa ya marehemu mume wangu, niliingia nayo siku ile ile ya kwanza, Mzee akiniambia isiingie. Hilda akaipikia. Akalirudisha bakuli lenu, hakufikiri. Mimi nilikuwa sipo."

"Ukajua lini?"

"Siku ile ile. Kabla sijaja uani."

Nikaona anairudisha siku ile kichwani, kiti cha Mzee, bakuli mkononi mwake.

"Nilikuuliza," akasema. "Nilikuuliza siki gani."

"Uliniuliza."

"Na nisfu Shabani nimefunga, na wewe unajua. Na nikakuletea tangawizi."

"Ndiyo."

"Wiki mbili unanitazama usoni, Mama Asheri."

Nikasema niwie radhi, na neno likatoka dogo kuliko lile la mkaa.

"Ngoja kwanza," akasema. Akainuka mwenyewe, sikuthubutu kumshika. "Ngoja."

Akatoka. Ndala zake amezisahau mlangoni pangu.

Jumapili, 15 Februari

Nimezipeleka ndala mlangoni kwake, nimeziweka, nimegeuka. Niliporudi kutoka kanisani alikuwa uani anasugua masufuria kwa mchanga, moja moja, hata yale ya juu ya rafu. Hakuinua uso. Sauti ile niliisikia mpaka adhuhuri.

Bakuli lilikuwa kwangu. Nimeliosha, nimelitia mchele mbichi, nimeliacha kwenye meza ya jikoni. Jioni mchele ulikuwa mezani kwenye mfuko. Bakuli limekwenda.

Jumatatu, 16 Februari

Salamu ya Asmahani tu.

Jumanne, 17 Februari

Nimeanza kufunga vyombo. Nilikuwa nimefika kwenye vikombe Mzee Tahiri aliponiita barazani. Alikuwa na tasbihi mkononi. Nikamwamkia. Akaitikia, si kwa haraka.

"Nimekwenda kwa maalimu," akasema. "Amesema aliyekula hajui hana dhambi. Nikamuuliza, na aliyejua akanyamaza? Akasema huyo muulize mwenyewe."

"Nilikosa, mzee. Nilikosa siku ya kwanza ukumbini, nikakosa tena uani. Nitahama. Nipe mpaka mwisho wa mwezi."

"Nani atakifungua kile kitanda? Mimi mgongo huo sina."

Sikujua kama ni mzaha. Akaendelea kuhesabu tasbihi.

"Unajua kinachoniuma?" akasema. "Miaka sabini na mbili nakula nyama. Ya ng'ombe, ya mbuzi, ya idi, ya harusi za matajiri. Tamu kuliko zote ikawa hiyo." Akatazama barabarani. Mdomo wake ulitikisika kidogo, akaubana. "Nimekwenda kuwasimulia watu msikitini, Mama Asheri. Kwa mikono miwili."

"Nisamehe, mzee."

"Mimi nimesamehe. Mimi nilikula tu. Aliyekula, akauliza, asijibiwe, ni mwenzangu. Huyo simsemei. Na chupa?"

"Ilikwisha siku ile."

"Ukifunga mlango wa chumba chako uko na Mungu wako, mimi sipekui. Lakini jiko ni letu sote."

"Sitaileta tena hapa, mzee. Ni nyumba yenu." Nilipolisema nikaona ni kweli na haliniumi sana. Pasaka nitapanda Lushoto. Hilda atainama kwenye rafu ya chini ya duka la huko, tutakaa na sweta zetu nje, tutamimina glasi ndogo ndogo, na nitamsimulia jinsi Yona alivyosoma karatasi ya chupa na miwani. Bado naipenda. Sioni sababu ya kusema siipendi.

Vikombe nimeviacha kwenye sanduku. Sijui nivitoe au nivifunge.

Jumatano, 18 Februari

Jumatano ya Majivu. Nilirudi kanisani na alama kwenye paji la uso, nikakutana na Bi Mwanasiti ukumbini, na ukumbi ni mwembamba.

"Una masizi," akasema.

"Ni majivu. Leo tumeanza mfungo wetu."

"Nanyi pia?"

"Siku arobaini."

"Maji?"

"Maji tunakunywa."

"Aa," akasema, kama mwalimu aliyefika kwenye hesabu iliyokosewa. Akapita. Ni maneno ya kwanza tangu Jumamosi. Nimeyaandika yote.

Alhamisi, 19 Februari

Ramadhani imeingia. Mchana nyumba imetulia kama ya mgonjwa. Nimekula mkate chumbani, mlango umefungwa, natafuna polepole usisikike.

Ijumaa, 20 Februari

Joto lile lile. Asmahani kalala sakafuni ukumbini, shavu kwenye simenti. Harufu za futari zinaanza saa kumi, ni adhabu kwa wote.

Jumamosi, 21 Februari

Asheri amepiga simu kuuliza nimeamua nini. Nikamwambia bado sijaambiwa. Akasema, "Mama, si Mzee amekusamehe?" Nikasema Mzee siye ninayemngoja.

Jumapili, 22 Februari

Mawingu mchana, mvua haikunya. Saa kumi na moja nilikuwa dirishani nashona pindo la shuka. Uani nikasikia vifuniko vinafunguliwa na kufungwa, na Bi Mwanasiti anagomba na moto. Asmahani alikuwa amekwenda kupeleka nguo kwa mteja. Mzee yuko msikitini.

Kisha akaita. "Mama Asheri."

Nikadhani nimesikia vibaya. Sikuinuka.

"Mama Asheri, umelala?"

Nikatoka. Alikuwa amesimama juu ya sufuria kubwa, jasho limemshika, upawa mkononi. Kunde za nazi na mihogo, na jiko la pili mchuzi wa samaki. Hakunitazama usoni. Alitazama sufuria.

"Kila siku Asmahani, na Asmahani naye amefunga, anaweka ulimini anatema," akasema. "Jana imekuwa chapwa, juzi chumvi tupu. Mzee amekula kimya, na mimi kimya chake sikipendi. Mimi mwenyewe sionji, naogopa koo litameza. Nyumba nzima hii wewe peke yako ndiye unayekula mchana."

"Mimi?"

"Nani mwingine? Maji si mnakunywa?"

Nikasema tunakunywa.

"Basi kinga mkono."

Nikakinga. Akachota kidogo kwa upawa, akaupuliza upoe kwa pumzi yake ya mtu mwenye njaa, akanidondoshea kiganjani. Ndipo akanitazama. Ni futari ya mume wake, na yake, na ya majirani wawili wanaoletewa, na hakuna hata mmoja wao atakayejua ina nini mpaka jua lizame, isipokuwa mimi.

Nikaonja. Nazi ilikuwa nzito, kunde zimeiva vizuri. Ilikuwa rahisi kusema imekaa sawa.

"Chumvi imepungua," nikasema. "Na mihogo bado ina moyo."

"Sana?"

"Kidogo."

Akatia chumvi kwa vidole vitatu, akakoroga, akaongeza moto. Akachota tena, akapuliza.

"Lete mkono," akasema.